Shimo la Afande Wanyera

Miaka thelathini na mmoja Wanyera alikaa getini. Geti lenyewe lilikuwa la kiwanda cha mabati cha Mzee Gurdial, kule Jinja, na kazi yake ilikuwa hii: ikifika saa moja kamili asubuhi anapuliza filimbi, anafunga geti, kisha anaandika katika rejista majina ya waliobaki nje. Basi. Mtu akimwambia, "Bwana, nimefiwa na mjomba, nimetoka mazishini," Wanyera anamjibu kwa Kiswahili chake cha kufoka, "Mjomba hafanyi kazi hapa. Wewe umechelewa." Na anaandika. Jeshini hakuwahi kukanyaga hata siku moja, lakini huku kwetu, ambako Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, mtu akifoka kwa Kiswahili wenzake hujificha kwanza, maswali baadaye, kwa hiyo wafanyakazi wakamwita Afande. Yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Wallahi alilipenda hilo jina.

Alipostaafu akarudi Mbale kwa mama yake, ukingoni mwa mtaa wa Nkoma, pale ambapo nyumba za watu wa mishahara zinakwisha na migomba inaanza. Alikuja na sanduku, redio, filimbi yake, na saa ya mkononi aliyoitazama kila baada ya dakika mbili ilhali hakuwa na mahali pa kwenda. Mke hakuwa naye, wala mtoto. Alisema hakupata nafasi. Mimi naamini kila mwanamke aliyemtaka alichelewa miadi mara moja tu, akafutwa.

Mama yake aliitwa Nabifo, lakini mtaa mzima, hata watu wazima wenye wajukuu, walimwita Kukhu, yaani bibi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na magoti mabovu, na hakuna msiba uliompita. Kuanzia Nkoma hadi Namatala, akisikia watu wanalia anajifunga leso kiunoni, anabeba kuni zake, anaenda. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa tayari, wa misiba tu. Ole wako uutumie kuchemshia chai.

Siku ya tatu tangu Wanyera arudi, wakiwa wanakula, mama yake akamuuliza, "Wewe ukifa nani atakuzika?"

"Mama, mimi siumwi."

"Sikuuliza kama unaumwa."

Akamweleza mambo ambayo mtu wa miaka sitini alipaswa kuyajua. Mtaani mazishi ni ya kujitolea. Hawa wanachimba, hawa wanapika, hawa wanateka maji, hawa wanabeba viti, na hakuna anayelipwa hata sumni. Kuna daftari, analo Hajara, yule mama anayeuza nyanya Namatala, na humo yanaandikwa majina ya waliosaidia. Mtu asiyefika misiba ya wenzake, siku yake ikifika watu wanakuja vizuri, wanaweka fungu la majani ya mgomba getini kwake, wanaaga, wanarudi makwao. Mwaka juzi walimfanyia hivyo tajiri mmoja, na wakwe zake wakachimba kaburi wenyewe, wamevaa suti, hadi jua likazama.

"Mimi nina watu," mama akamaliza. "Wewe una filimbi."

Maneno hayo yalimkaa kooni pamoja na ugali. Miaka yote hiyo alikuwa hajahudhuria msiba hata mmoja, kwa sababu misiba haijui kufika wakati wa mapumziko. Akajaribu kuwafikiria watu watakaombeba. Akapata mmoja, na huyo alikuwa na miaka themanini na mmoja na magoti mabovu. Akaogopa, tena sana.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya meza ya nyanya ya Hajara. "Mama," alisema, amesimama wima, "nimekuja kujitolea."

Hajara alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumbishia. Akamtazama kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi filimbi iliyoning'inia shingoni. "Kujitolea kufanya nini?"

"Kila kitu."

"Haya," akasema Hajara. "Karibu."

Msiba wake wa kwanza ulikuwa wa fundi seremala mmoja mzee. Wanyera alifika kabla ya watu wote, shati limepigwa pasi, na Hajara akamwambia awasaidie wachimbaji. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Mutwalibu, fundi wa pikipiki, mtu mfupi mwenye mabega mapana ambaye alikuwa amechimba makaburi ya mtaa ule kwa miaka ishirini, ya Waislamu na ya Wakristo, bila kubagua. Wanyera akasimama ukingoni, akatazama saa, akaona watu wanafanya kazi bila mpango. Akapuliza filimbi. "Toka shimoni! Mapumziko dakika kumi! Panga mstari!"

Jamani. Vijana watatu walitoka mle shimoni na hawakupanga mstari wowote. Waliruka ua, na mmoja hakusimama hadi alipofika kwenye magodauni ya mtaa wa viwanda, Industrial. Aliyebaki ni Mutwalibu peke yake, kwa sababu alikuwa chini kabisa na miguu yake ni mifupi.

"Afande," akasema kutoka chini, "mwenye hili shimo hana haraka. Hiyo filimbi itie mfukoni."

Msiba wa pili wakampa sahani. Sahani zitamshinda nini? Akawapanga waombolezaji mstari, kila mmoja ataje jina kamili kabla ya kupewa maharage, na ilipofika saa nane kamili akafunga chakula huku padri mwenyewe akiwa bado kwenye mstari. Padri alirudi nyumbani na njaa yake. Jambo hilo lilisemwa Mbale kwa wiki mbili.

Msiba wa tatu akaomba achimbe. Mikono ya Wanyera ilikuwa mikono ya kalamu, bwana. Kabla shimo halijafika magotini alikuwa na malengelenge manne, na jembe lake lilikuwa limemkosakosa Mutwalibu dole gumba mara mbili. Wenzake walipotoka kupumzika yeye akajaribu kutoka pia, ukingo ukamegeka, akarudi chini na udongo wake. Akajaribu tena, ukamegeka tena. Mwishowe walimtoa kwa zile kamba za kushushia jeneza, wanaume sita, wakivuta kwa hesabu. Waliokuwa wanalia wakaenda nyuma ya jiko ili wacheke kwa amani. Mjane mwenyewe alicheka, maskini, halafu ikambidi aanze kulia upya.

Jioni hiyo Hajara akamwita kando. "Afande, moyo wako nimeuona. Lakini kila ukija kusaidia, natafuta watu wawili wa kukusaidia wewe."

Wanyera akalitazama lile daftari kwapani mwake. "Mara tatu nimekuja. Umeniandika?"

"Humu wanaandikwa waliosaidia."

Akasimama pale, mtu aliyeandika majina ya wenzake miaka thelathini na mmoja, na jina lake halikuandikwa. Ilimuuma. Akawakumbuka wale wa nje ya geti, na yule mwenye mjomba. Hajara aliona uso wake ukibadilika, akamhurumia kidogo. "Nenda nyumbani ujifunze kuchimba," akamwambia. "Ukijua, rudi."

Wiki hiyo Kukhu Nabifo alishikwa na malaria. Alipewa dawa, akazimeza huku akizitukana, na siku ya nne homa ikashuka. Lakini siku nne hakuonekana sokoni, wala kanisani, wala kwenye msiba mmoja mdogo wa Namatala, na hili la tatu ndilo lililowatisha watu. Mtaa ukaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba Kukhu safari hii hali si nzuri.

Jumanne asubuhi Wanyera akamnywesha uji, akamfunika, akamwacha amelala fofofo. Kisha akachukua jembe na sururu, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kujifunza. Kwa kuwa ni mtu wa vipimo, alilala chini chali, akajichorea mstari wa majivu kichwani na miguuni, akainuka, akaanza. Nataka niwe mkweli, alijitahidi. Ilipofika saa nne shimo lilikuwa limefika kifuani. Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote, naye alikuwa amepaka chumvi kama alivyomsikia Mutwalibu akisema, na ile chumvi ikamtoa machozi ambayo hakuwahi kuyatoa tangu utotoni. Akayafuta kwa mkono, mkono una chumvi, yakaongezeka.

Hapo ndipo Nakato, jirani wa upande wa pili, alipokuja kuanika nguo. Akachungulia juu ya ua. Akaona kaburi, na ndani yake Wanyera, peke yake, analia.

Hakuuliza. Huku kwetu hakuna anayemuuliza mtu aliye ndani ya kaburi ni nani amefariki. Kuuliza ni kusema kwamba hukuwa na habari nani mgonjwa, na nani Nkoma hakuwa na habari? Nakato akaziacha nguo ndani ya beseni, akajifunga leso kiunoni, akatoka mbio kwenda Namatala kwa Hajara.

Kufikia saa tano unusu hema lilikuwa limefika. Viti vilifuata, halafu masufuria, kisha maji juu ya bodaboda sita. Wanyera chini shimoni alisikia nyayo na minong'ono, akadhani ni watu wamekuja kumcheka tena, akaongeza bidii. Mara kichwa cha Mutwalibu kikatokea juu.

"Toka, ndugu yangu. Leo hii si kazi yako." Akaruka ndani, akampokonya jembe taratibu, akamshika bega. "Nani alikwambia uchimbe peke yako? Sisi tupo."

Wanyera akafikiri Hajara amemletea mwalimu. "Nilitaka muone kwamba naweza."

"Tumeona," akasema Mutwalibu, na macho yake yakalowa. "Tumeona, Afande."

Wakamtoa nje kwa mikono, safari hii bila kamba. Hajara alikuwa anamngoja. Akamkumbatia hadi mifupa ikalia, akamlowesha shati begani, akasema, "Kukhu wetu apumzike. Maji yakipata moto, sisi wanawake tutaingia tumwoshe."

Ndipo Wanyera akaelewa.

Sasa hapa mtu mwenye akili timamu anasema, jamani, ngojeni, mama yangu amelala tu. Ningekuwa mimi ningesema papo hapo. Labda. Wanyera alifungua mdomo kabisa. Lakini kabla neno halijatoka alitazama uani kwake, akafanya lile alilozoea kufanya kila asubuhi ya maisha yake: akahesabu watu. Hamsini na wawili. Sabini. Themanini na watatu, na wengine wanaingia. Hakuna aliyepuliziwa filimbi, wala hakuna aliyechelewa. Katika miaka yake yote hakuwahi kuwa mahali penye watu wengi hivyo ambao hawamkimbii. Mmoja anampa maji, mwingine anamwekea kiti, mwingine anamwambia pole kaka, na kaka hiyo ilimwingia hadi tumboni. Alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi sana. Akajiambia, wakifika mia nitawaambia. Mtu mzima huyo, na akili zake.

Walipofika tisini na sita ikaingia pikapu ya akina mama wa soko. Hao walianza kulia tangu barabarani, na walipofika chini ya dirisha la chumba cha kulala, nyumba ilitikisika.

Ndani, Kukhu Nabifo akafumbua macho. Kilio. Hakujiuliza kiko wapi wala cha nani, miaka sitini hajawahi kujiuliza kwanza. Akainuka, akajifunga leso, akauchukua mzigo wake wa kuni nyuma ya mlango wa jikoni, akatokea uani akilia kwa sauti ya juu kuliko wote. Akaziweka kuni zake kwenye fungu la kuni. Akatafuta nafasi kwenye mkeka, akajibana kati ya wanawake, akanyoosha miguu, akalia vizuri, kilio cha mtu aliyepumzika siku nne. Kisha akapunguza sauti na kumgusa wa pembeni yake, ambaye alikuwa Nakato, uso umefichwa ndani ya leso.

"Ni nani, mwanangu?"

"Ni Kukhu Nabifo," akalia Nakato.

"Nabifo yupi?"

"Wetu huyu wa hapa. Mama yake Afande."

Kukhu akamsogelea zaidi. "Mbona sikuambiwa kwamba alikuwa amezidiwa?"

"Hata mimi sikuambiwa," akasema Nakato, akainua uso ili afute kamasi.

Yaliyofuata siwezi kuyapanga kwa utaratibu. Nakato alipita juu ya sufuria la maharage bila kuligusa, na mpaka leo hajui alifanyaje. Hema lilianguka upande mmoja kwa sababu watu watano waliushika mlingoti mmoja. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kawaida hutembea polepole kwa ajili ya heshima, aliruka ndani ya kaburi, akamkuta Mutwalibu, nao wawili wakakumbatiana huko chini kila mmoja akisoma dua ya dini yake. Kukhu Nabifo alibaki peke yake kwenye mkeka mkubwa, anatazama huku na huku, anauliza kama kuna nyoka.

Hajara ndiye hakukimbia. Alimwendea, akamfinya shavu, akalikuta lina joto. Kisha akageuka pole pole kumtazama Wanyera. "Afande," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Ulikuwa unajua?"

"Kuanzia uliponikumbatia," akasema Wanyera.

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nahesabu watu."

Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wengine kupitia juu ya ua, na waliposikia hivyo wakakasirika kweli. Kuna aliyefunga duka, kuna aliyeacha ng'ombe bila majani. Mwanamume mmoja akasema huyu tumzike yeye, shimo si lipo. Lakini Kukhu akapiga mkeka kwa kiganja. Alikuwa amekwisha elewa yote, na mimi nadhani hakuwahi kuwa na siku nzuri kama ile.

"Chakula kimeiva?" akauliza. Wakasema kinakaribia. "Basi nileteeni kiti cha mbele. Mliyokuja kuyasema juu yangu yasemeni, niyasikie mwenyewe. Na asiongope mtu, maana nipo."

Wakasema nini tena? Wakasema. Mmoja akasimama akakumbuka Kukhu alivyomlelea watoto mapacha mwezi mzima. Mwingine akakumbuka alivyomtukana mume wake mbele ya kanisa na mume akaacha pombe. Kukhu alisahihisha tarehe. Watu wakacheka, wakala, hasira zikaondoka na sahani. Wanyera alikaa nyuma kabisa karibu na jiko, mikono imefungwa matambara, na waliopita hawakumwita tena kaka. Mwishowe hakuweza kuvumilia. Akasimama, akasema bila kufoka, kwa sauti ambayo Jinja hawajawahi kuisikia:

"Nyinyi mmekuja kwa ajili yake. Ningekuwa mimi, mngekuja?"

Watu wakatazama maharage yao. Hajara akafunua daftari, akalifunika.

"Mimi ningekuja," akasema Mutwalibu hatimaye, akila. "Ningechelewa, lakini ningekuja."

Wanyera akaketi. Alikuwa analia, na safari hii hakukuwa na chumvi.

Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, hilo kila mtu wa kwetu anajua, hulala na njaa likingoja mtu. Wakakata mgomba, wakaulaza ndani badala ya mtu. Mutwalibu alipochukua beleshi akasita, akanyoosha mkono kwa Wanyera. Wanyera akaelewa. Akaivua ile filimbi shingoni, akaitazama, akaitupa juu ya mgomba. Mwenyekiti akasema maneno machache ya kuiaga, watu wakaitikia amina, wakaifukia.

"Sasa uniandike," Wanyera akamwambia Hajara jioni.

"Leo wewe ulikuwa mfiwa," akajibu Hajara. "Mfiwa haandikwi." Akaondoka na daftari lake.

Zikapita siku kumi na moja. Alfajiri moja, mvua imetoka kukatika, geti la Kukhu likagongwa. Geti hilo Wanyera hakuwahi kugongewa yeye, wanaogonga humtafuta mama yake. Akatoka na singlendi. Nje walikuwa Mutwalibu na wale vijana watatu walioruka ua siku ya filimbi, kila mtu na jembe lake, wamejikunyata kwa baridi.

"Kuna msiba Namatala," akasema Mutwalibu. "Mzee wa mkaa. Udongo wa kule ni mgumu, tumepungukiwa mtu."

Wanyera alirudi ndani mbio, akavaa shati ndani nje, akashika jembe. Alikuwa amekwisha kuufikia mlango Kukhu alipomwita kutoka chumbani.

"Wanyera. Umeacha saa yako mezani."

"Iache hapo, Mama," akasema, akifungua mlango. "Wananingoja getini."